Kutembea Makumbusho na Mtu Anayejua

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana mnaoongoza wageni Kilwa, Lindi, Mikindani na Masasi, wazee wetu mliokubali kuja kukaa nasi ukumbini katika joto hili la Lindi, mabibi na mabwana: Assalamu alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, na wazee wangu shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kuwaongoza wageni katika majumba ya makumbusho na maeneo ya kale. Najua wengi mlitarajia nianze na Kilwa, kwa kuwa Kilwa ndiyo fahari yetu na ndiko wageni wengi wanakokwenda. Kilwa nitafika. Lakini naomba mniwie radhi nianze mbali sana, katika jiji la Berlin, Ujerumani, kwa sababu huko ndiko nilikotambua, nikiwa na miaka 63 na nimekwisha kustaafu ualimu, kwamba kazi hii niliyokuwa nikijisifu kuiweza nilikuwa naifanya nusu nusu.

Nilikwenda Berlin kwa mwaliko wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma huko. Sisi watu wa kusini tunajua uzito wa mjomba kuitwa na mpwa wake. Safari hii, hata hivyo, haikuwa ya kutatua jambo la ukoo bali ya matembezi. Kijana alijua kwamba mjomba wake hawezi kukaa mahali siku tatu bila kuuliza habari za zamani, akaniwekea miadi ya siku mbili na mama mmoja aliyefanya kazi katika makumbusho ya jiji lile kwa miaka mingi na ambaye sasa huwatembeza wageni wachache wachache. Jina lake silitaji, kwani sikumwomba ruhusa. Mpwa wangu alimwita Mama, nami nikafuata, ingawa nadhani umri tunalingana.

Katikati ya Berlin, ndani ya mto Spree, kuna kisiwa chenye majumba 5 ya makumbusho yaliyojengwa kwa muda wa miaka 100, la kwanza likafunguliwa mwaka 1830 na la mwisho mwaka 1930. Tangu 1999 kisiwa hicho kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ambayo Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia mapema zaidi, mwaka 1981. Mimi kwa ushamba wangu nilikuwa nimejiandaa kuyamaliza majumba yote matano kabla ya magharibi. Mama yule aliniangalia viatu, kisha akaniambia kwamba siku ile tungeona vitu viwili. Si majumba mawili; vitu viwili. Nilijiona kama mtu aliyelipa nauli ya Dar es Salaam akashushwa Nangurukuru.

Kitu cha kwanza kilikuwa picha, katika jumba liitwalo Alte Nationalgalerie. Mama alituketisha mbele ya picha hiyo bila kutaja jina lake wala jina la mchoraji, akasema tutazame kwanza, maneno yatakuja. Picha yenyewe si kubwa sana. Kimo chake ni sentimita 110 na upana ni sentimita 171 na nusu, na karibu yote ni mbingu. Chini kuna ukanda wa mchanga mweupe, na juu ya mchanga amesimama mtu mmoja aliyevaa joho jeusi, ametupa mgongo, mdogo kiasi kwamba ukisimama mbali unaweza kumdhania doa. Mbele yake kuna bahari nyembamba, nyeusi tii, kisha ukungu, kisha mawingu yanayopanda hadi ukingo wa juu wa fremu. Hakuna kingine.

Tulikaa pale kama dakika 20, muda ambao kwa kawaida mimi ningekuwa nimekwisha kuwapitisha wageni wangu katika msikiti mzima. Hatimaye Mama akaniuliza nimeona nini. Nikasema ukweli wangu: nimetafuta chombo sijakipata. Mtu aliyekulia pwani ya Lindi akitazama bahari, macho yake humtafuta mvuvi kwanza. Hata ngalawa moja hakuna? Bahari gani hii isiyo na tanga wala mtumbwi, na yule pale ufukweni anamngoja nani?

Mama alicheka mpaka mlinzi akageuka. Ndipo akatuambia kwamba mchoraji ni Caspar David Friedrich, kwamba picha ni ya kati ya mwaka 1808 na 1810 na huitwa Mtawa Kando ya Bahari, na kwamba wataalamu walipoichunguza kwa miale inayopenya chini ya rangi walikuta vyombo. Friedrich alikuwa amevichora vyombo vya tanga juu ya maji, kisha akavifunika kwa rangi, akaiacha bahari tupu. Swali langu, akasema, lilikuwa limegusa uamuzi mkubwa kuliko yote katika picha ile.

Nimelisimulia hili kwa urefu si kwa kujisifu, maana sijui lolote la uchoraji. Ninachotaka mkione ni jinsi yule mama alivyofanya kazi. Habari ya vyombo vilivyofunikwa alikuwa nayo tangu asubuhi. Angeweza kuitoa pale pale mlangoni, nami ningeitikia kwa kichwa na kuiandika katika daftari, na jioni ningekuwa nimeisahau. Aliizuia mpaka nikaihitaji. Mwongozaji wetu wa hapa, nami nikiwa wa kwanza, huogopa kimya kama mvuvi anavyoogopa kusi, akadhani kwamba mgeni akinyamaza dakika mbili ataomba arudishiwe fedha zake.

Kitu cha pili kilikuwa katika Neues Museum, jirani hapo hapo: kichwa cha Malkia Nefertiti wa Misri, chenye umri wa zaidi ya miaka 3,300, kilichochongwa kwa jiwe la chokaa na kupakwa rangi, kikakutwa katika karakana ya mchongaji Thutmose huko Amarna. Kimewekwa chumba cha peke yake, ndani ya sanduku la kioo, na kupiga picha hairuhusiwi. Jicho la kulia limejazwa, jicho la kushoto ni jeupe tupu. Ukisimama upande mmoja ni malkia aliye hai, ukizunguka upande wa pili anakuwa jiwe. Habari za jicho hilo mtazikuta popote. Mama yeye alitaka tujue tarehe na mikono. Kichwa kilitolewa udongoni tarehe 6 Desemba 1912, na karibu kila mahali utasoma kwamba aliyekipata ni Ludwig Borchardt, Mjerumani aliyeongoza uchimbaji. Aliyekitoa kifusini kwa mikono yake, hata hivyo, ni mnyapara wa wachimbaji, Mmisri aitwaye Mohammed es-Senussi. "Shika mwaka huo, 1912," akaniambia, "na ushike neno mnyapara. Kesho utavihitaji vyote viwili."

Kesho yake tulikwenda Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na miamba, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1889. Ndugu zangu, hapo sina haja ya kuwaeleza tulikwenda kumwona nani. Hata mtoto wa darasa la tatu hapa Lindi anajua kwamba mjusi wetu, yule dinosaria aliyechimbwa Tendaguru hapa kwetu, yuko Berlin.

Lakini kujua kwamba yuko na kusimama chini yake ni mambo mawili. Ukumbi una paa la kioo, mwanga unashuka kama wa uani, na katikati amesimama yeye, kimo cha mita 13.27, kiunzi cha dinosaria kilicho kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa duniani. Fikirieni mnazi uliokomaa, kisha fikirieni huo mnazi una shingo na unakutazama. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele peke yake unazidi mita 2, na miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma kama ya twiga, ndiyo maana siku hizi wataalamu humwita Giraffatitan. Aliishi kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita. Kiunzi kilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, kikavunjwa na kupangwa upya kufikia mwaka 2007, nacho hakikutoka kwa mnyama mmoja bali kimekamilishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa. Hilo la mwisho watu wetu wengi hawalijui, na nikilisema hapa Lindi kuna wanaonuna, kana kwamba nimemtukana mjusi.

Wageni wote ukumbini walikuwa wameinua shingo. Mama akatuambia tutazame chini, kwenye miguu, na swali lake likawa moja: mfupa huu umefikaje hapa?

Akaanza na vita. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji bado havijazimika na nchi ya kusini imeshikwa na njaa, mhandisi wa migodi Bernhard Sattler aliona mfupa mkubwa umejitokeza njiani karibu na kilima cha Tendaguru. (Njia ni ya watu. Walioitengeneza njia hiyo bila shaka walikuwa wakiupita mfupa ule kabla Sattler hajazaliwa, lakini hawakuwa na mtu wa kumwandikia barua Ulaya.) Mwaka 1909 makumbusho ya Berlin yakatuma wataalamu wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig, na kazi ikaendelea hadi mwanzoni mwa 1913. Waliochimba walikuwa watu wa huku. Katika misimu mikubwa vibarua walifikia kama 500. Mnyapara wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Alisoma udongo, akajua mfupa unaanzia wapi na unaishia wapi, akawafundisha wengine namna ya kuufukua bila kuuvunja. Mifupa ikafungwa, mingine kwa mianzi iliyopangwa kuuzunguka kama ngoma, ikabebwa na wapagazi vichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne, mpaka bandarini hapa Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200, kwa miguu ya watu.

Mwaka 1914 Janensch alimpa mjusi jina la kitaalamu la kumheshimu Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho. Jina hilo, brancai, analo hadi leo. Boheti bin Amrani alingoja mpaka mwaka 2007, miaka 93 baadaye, mtaalamu mwingine alipochunguza mifupa ya shingo iliyotoka Tendaguru, akaona ni ya aina nyingine ya dinosaria, akaipa jina Australodocus bohetii. Na sasa, akasema Mama, rudi kwenye mwaka niliokuambia jana: 1912, Desemba, Mohammed es-Senussi yuko Amarna na malkia mikononi mwake, na mwezi huo huo kazi ya Tendaguru, aliyoisimamia Boheti, inakaribia kufungwa. Wanyapara wawili wa bara moja, kila mmoja katika shimo lake, na malkia na mjusi waliowatoa wako katika jiji moja.

Nilikuwa nimefundisha historia miaka 30 na ushei. Sikuwa nimewahi kuviweka vitu hivyo viwili kwenye sentensi moja.

Kisha likaja lililonikuta uchi. Mama alikunja miwani yake, akanigeukia kwa heshima kabisa, akasema: "Mimi nimekuonesha upande ninaoujua. Sasa wewe nieleze, Tendaguru kukoje?"

Wazee wangu, walimu wenzangu, naungama mbele yenu. Tendaguru iko kama kilomita 60 kutoka mji huu. Nimezaliwa Lindi, nimesoma Lindi, nimefundisha habari za mjusi kwa watoto wasio na idadi, na nilikuwa sijafika. Nilikwenda kuuona mfupa kwa ndege kabla ya kulijua shimo lake kwa pikipiki. Nilimjibu Mama kwamba ni kilima chenye msitu, jibu ambalo hata mtu wa Norway angeweza kulitoa. Mpwa wangu akatazama chini, safari hii si kwa kuitazama miguu ya mjusi.

Niliporudi nilisubiri mvua zikatike, nikakodi pikipiki. Barabara ya mwisho si barabara, ni mazoea. Katika kijiji cha karibu nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekubali kunipeleka, akiwa na panga la kufyekea na kidumu cha maji, wala hakuuliza mimi ni nani mpaka tulipokuwa tumekwisha kwenda nusu ya njia. Kilima chenyewe si kirefu kama nilivyokuwa nimekiweka akilini. Mashimo ya wachimbaji yamejaa majani na miti. Usipooneshwa utayadhania makorongo ya mvua. Hakuna jumba, hakuna kibao cha maelezo chenye kusomeka, kuna ndege na jua.

Nami niwaambie, yule mzee aliongoza vizuri kuliko mimi, na pengine sawasawa na mama wa Berlin. Alipofika shimoni alisimama, akaninyamazia, akaniacha nitazame. Alipoanza kusema alitenganisha maneno yake: hili aliambiwa na babu yake, hili analikisia yeye mwenyewe. Kwamba bibi yake aliwatwangia vibarua unga, hilo aliambiwa. Kwamba wapagazi walishukia upande ule wa bonde, hilo alikisia, kwa kuwa ndiko penye maji wakati wa kiangazi. Nilimuuliza iwapo watu wa zamani waliiogopa mifupa ile, nikitamani anipe hadithi nzuri ya kuwapelekea wageni. Akatafakari, akasema: "Hilo babu hakuniambia." Akaendelea kufyeka.

Nimepiga picha ya shimo lile nikamtumia Mama kupitia mpwa wangu, pamoja na maelezo marefu juu ya bonde na maji ya kiangazi. Alijibu kwa maswali 11, mengine sijaweza kuyajibu mpaka leo.

Sasa nifike Kilwa, kama nilivyoahidi, nami nitapita haraka kwa kuwa wenzangu wa Kilwa mko hapa na mnapajua zaidi. Kwa miaka mingi nilipowapeleka wanafunzi na wageni Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, nilikuwa nikisimama kando ya lile bwawa la pembe 8, nikanyoosha kidole kwenye chumba kimojawapo, nikasema kwa sauti ya kishujaa: hapa ndipo alipolala Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa kale. Wageni walipenda sana. Walipiga picha mlango. Siku moja mgeni mmoja, mwanamke mtaratibu, aliniuliza nimelisoma wapi. Nikasema ni historia ya hapa. Akanyamaza kwa adabu, na kile kimya chake kilinirudia baadaye Berlin.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331; hilo ni kweli. Sultani wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ujenzi wa Husuni Kubwa huhusishwa naye. Hilo nalo lina msingi. Lakini mahali alipolala msafiri yule hakupataja, na mimi nilimtandikia kitanda kwa sababu chumba kilikuwa kitupu na mimi nilikuwa na maneno. La kusikitisha ni kwamba alichokiandika kinashinda kitanda changu. Aliandika kwamba sultani yule alisifika kwa ukarimu, na kwamba fakiri kutoka Yemeni alimsimamisha njiani baada ya sala ya Ijumaa akamwomba nguo alizozivaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Kisa hicho unaweza kukisimulia palepale Kisiwani, mbele ya kuta za Msikiti Mkuu, bila kuongeza hata chumvi kidogo, na mgeni akikuuliza umekisoma wapi unamjibu.

Kwa ndugu zangu wa Mtwara nina jambo moja kuhusu mapiko. Katika majumba mengi ya makumbusho duniani vinyago vya kichwa vya Wamakonde vimesimamishwa wima ndani ya kioo, uso ukimtazama mgeni sawasawa, na mgeni hudhani mchezaji alitazama kupitia macho ya kinyago. Ninyi mliokulia penye jando mnajua sivyo. Lipiko huvaliwa kichwani likiwa limelala kuelekea nyuma, uso wake ukiangalia juu kidogo, na mchezaji huona kupitia mdomoni, huku shingo na mwili vikiwa vimefunikwa nguo ili asitambulike ni nani. Ukilijua hilo, mdomo ulio wazi na meno yake huwa na kazi nyingine kabisa. Mtaalamu anayejua mti uliochongewa na mwaka wa kuchongwa, asipojua pembe ya kichwa, amekionesha kinyago kikiwa kimelala usingizi.

Nanyi mnapowapeleka wageni au wanafunzi Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, jumba lililofunguliwa mwaka 1940, wasimulieni habari ya kinyago cha Kimakonde kilichoibwa humo mwaka 1984 pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na baada ya mazungumzo ya miaka mingi kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Miaka 26 nje, lakini kilirudi. Mgeni anayesikia hivyo hakitazami kinyago hicho kama vile alivyokitazama cha jirani yake.

Najua linalowawasha wengi hapa ni kurudi kwa mjusi mwenyewe. Swali hilo limefika Bungeni zaidi ya mara moja, na wenye mamlaka ya kulijibu si mimi. Maoni yangu binafsi ni kwamba mazungumzo yoyote ya namna hiyo yatakuwa na nguvu zaidi siku ambayo mgeni akitoka Berlin akaja Lindi akauliza Tendaguru iko wapi, atapata kijana 1 kati ya 10 wa kumpeleka, mwenye kujua jina la Boheti bin Amrani, mwenye kujua kwamba Waingereza nao walichimba pale kuanzia 1924 hadi 1931 na kupeleka mifupa London, na kwamba kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria hapa hapa Lindi mwaka 1925. Leo nilipoingia ukumbini niliwauliza vijana kumi na watano waliokaa safu za mbele ni nani amefika Tendaguru. Mkono ulioinuka ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa dereva.

Huyo dereva nimekwisha kuongea naye. Jumamosi hii gari linaondoka stendi saa 11 alfajiri, lina nafasi 14, na gharama ya mafuta tutachangia. Yule mzee nimempelekea salamu na amekubali kutupokea, kwa sharti kwamba tusimkatize anapokuwa amenyamaza. Anayetaka kwenda aandikishe jina kwa katibu kabla hajatoka ukumbini, aje na viatu vya kufunga, maji ya kunywa na daftari. Maswali 11 ya Mama nimeyatoa nakala. Yako pale mezani, karibu na birika la chai.